Kusoma Mara ya Mwisho

Wali wa kupalia una adabu yake. Maji yakishakauka unafunika, unapanga makaa juu ya kifuniko, kisha unaiacha sufuria peke yake. Asiyejiamini hufunua kila mara, mvuke unatoka, na wali unachelewa kuiva kwa sababu tu ya kuchunguliwa. Anayejiamini kupita kiasi huendelea na soga zake mpaka akumbushwe na harufu ya ukoko. Mpishi hodari huchungulia mara chache, kwa nafasi anazozijua, na kichwani ana kipimo cha muda ambacho kikipita anajua kuna jambo: makaa yamezimika, au mchele wenyewe ndio mbaya.

Nimeukumbuka wali huo kwa sababu ya mistari ishirini hivi ya msimbo ambayo nimekuwa nikiisoma na kuirudia, kama mtu anavyorudia beti alizokwisha kuzihifadhi. Imo ndani ya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, katika faili liitwalo iopoll.h, na jina lake ni read_poll_timeout. Kazi yake ni kungoja, basi.

Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, akiwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland, na leo imo ndani ya kila simu ya Android. Ukifungua msimbo wake utakuta sehemu kubwa kabisa haihusiki na kugawa kumbukumbu wala kupanga zamu za prosesa. Ni draiva. Draiva ni kipande cha programu kinachojua tabia za kifaa kimoja: kamera hii, kadi ile ya mtandao, chipu fulani ya kuchajia betri. Inazungumza na kifaa kwa kuandika na kusoma rejista zake, vijisanduku vya biti 32 hivi ambavyo kila biti ina maana yake. Draiva huandika biti inayosema "jizime ujiwashe upya", halafu hungoja. Kifaa kikimaliza hakiji kubisha hodi. Vipo vinavyoweza kupiga kengele ya kumshtua prosesa, lakini kwa shughuli ya mikrosekunde chache kengele ina gharama kubwa kuliko shughuli yenyewe. Kwa hiyo kifaa hugeuza biti moja tu kutoka 0 kuwa 1, na ni juu ya draiva kwenda kuchungulia.

Jambo dogo namna hiyo, kila mwandishi wa draiva aliamini anaweza kujiandikia. Nami niliamini.

Niliwahi kuandika draiva ya kifaa cha kupima joto la chumba cha baridi. Mzunguko wangu ulikuwa wa kawaida kabisa: maadamu muda haujaisha, soma rejista, biti ikiwa imewaka, maliza kwa heri, kama bado, lala kidogo. Muda ukiisha, rudisha kosa. Mezani kwangu ilifanya kazi wiki nzima bila kukohoa. Ilipofungwa mahali pake, kila baada ya siku kadhaa, tena usiku, iliripoti kwamba kifaa hakijajibu. Tukabadilisha nyaya. Tukabadilisha kifaa chenyewe. Mwenye chumba akaanza kututazama kwa jicho la pembeni, na haki yake.

Kifaa hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika ule usingizi mdogo. Draiva ikisema "nalala kidogo" inamwachia prosesa afanye mengine, na prosesa ana wengi wa kuwahudumia. Usiku huo mashine ilikuwa ikinakili data zake za siku nzima, zamu zikajaa, na draiva yangu iliyoomba kulala milisekunde moja ikaamshwa muda ukiwa umekwisha kupita. Mzunguko ukaanza kwa kutazama saa, kama nilivyouagiza. Saa imepita, basi kosa. Rejista haikutazamwa tena. Ni sawa na kijana aliyetumwa stendi amngoje mgeni mpaka saa kumi, akasinzia kwenye benchi, akashtuka saa kumi na moja, akatazama saa yake ya mkononi, akarudi nyumbani kusema mgeni hakuja. Mgeni amekaa nyuma yake na mabegi yake.

Sasa tazama wale wa iopoll.h walivyofanya katika toleo ninalolisoma. Mzunguko wao unasoma kwanza. Sharti likitimia, unatoka. Lisipotimia, ndipo unatazama saa. Na kama saa imepita, hautoi hukumu: unasoma rejista mara moja zaidi, ndipo unatoka. Mstari wa mwisho kabisa hauulizi saa chochote. Unauliza sharti: je, kile kilichosomwa mara ya mwisho kinatosheleza? Kikitosheleza, jibu ni 0, yaani salama. La sivyo, jibu ni -ETIMEDOUT, yaani muda umekwisha. Kwa hiyo draiva inaweza kulala usingizi wa pono, ikachelewa mara kumi ya muda iliopewa, na bado isimsingizie kifaa kilichokwisha kujibu. Saa ina uwezo wa kukatisha ngoja, lakini haina kauli juu ya ukweli.

Huo usomaji wa mwisho ni mstari mmoja mfupi, umenakiliwa tu kutoka juu. Mtu mwenye haraka angeuona umerudiwa bure na kuufuta. Ndiyo maana nasema ufundi wa kuhakiki msimbo wa namna hii hauonekani katika kinachoongezwa peke yake. Unaonekana pia katika kile ambacho mhakiki anakataa kisiondolewe.

Twende polepole, maana mistari ishirini hii ina vyumba vya ndani.

Msaidizi huyu, yaani read_poll_timeout, hupewa namba mbili: alale kwa muda gani kati ya kuchungulia na kuchungulia, na angoje mpaka lini. Ukimwambia alale mikrosekunde 100, halali 100. Anamwambia mpanga zamu: niamshe wakati wowote kati ya 26 na 100. Robo ya muda, ongeza moja. Kwa nini asitaje namba moja? Kwa sababu kuamshwa kwa dakika maalumu ni anasa. Ukimpa mpanga zamu nafasi ya kuchagua, anaweza kukuamsha pamoja na wengine waliokuwa wanaamka karibu na hapo, safari moja badala ya tatu, na betri ya simu inapumua. Ile moja inayoongezwa inazuia hesabu isiangukie sifuri pale mtu anapoomba usingizi wa mikrosekunde mbili au tatu, kwa kuwa robo ya tatu, katika hesabu za namba nzima, ni bure. Nani alikumbuka kuweka hiyo moja? Sijui kama aliona ni jambo la kujivunia. Mimi ningejivunia.

Halafu kuna onyo lililowekwa juu, kabla ya mzunguko kuanza. Ndani ya kerneli zipo sehemu ambazo kulala ni haramu: umeshika kufuli ambalo wengine wanalizunguka wakilingoja, ukilala umewatundika wote. Mtu akimwita msaidizi huyu mahali kama hapo, ni kosa. Lakini ni kosa lenye hila, kwa kuwa kifaa chepesi kinaweza kujibu papo hapo, kabla ya kufikia mstari wa kulala, na msimbo ukapita salama mwaka mzima. Ndiyo maana onyo liko juu. Mashine ikiwa imewashiwa ukaguzi wa aina hiyo, italalamika hata siku ambayo kifaa kimejibu upesi na hakuna aliyelala. Anayetaka kulijua kosa lake siku ya majaribio, badala ya siku ya mteja, ataishukuru nafasi hiyo ya mstari.

Tena si fanksheni ya kawaida. Ni makro, yaani maandishi yanayobandikwa kama yalivyo pale yanapoitwa kabla msimbo haujatafsiriwa. Imebidi iwe hivyo. Sharti la kungojea hutofautiana: mmoja anangoja biti iwake, mwingine izime, wa tatu anangoja namba fulani ipungue chini ya 16. Katika lugha ya C huwezi kumpa fanksheni sharti ambalo halijapimwa bado. Ukimpa, linapimwa kwanza na yeye anapokea jibu lililopoa. Makro hubeba sharti likiwa bichi na kulipima upya kila mzunguko. Lakini makro zina mitego yake, na hapo ndipo jicho la mhakiki linapolipwa. Ukimpa makro hesabu badala ya namba, hesabu hiyo inaweza kufanywa tena na tena ndani ya mzunguko. Kwa hiyo muda unawekwa kwanza kwenye kisanduku kimoja chenye jina linaloanza na mistari miwili ya chini, __timeout_us, ili upimwe mara moja tu, na ili jina lisigongane na jina ambalo mwitaji amelitumia kwake. Sharti lenyewe, kwa upande mwingine, hupimwa mara mbili hata mambo yakienda vizuri: ndani ya mzunguko, na tena mstari wa mwisho. Je, si hatari? Zipo rejista ambazo ukizisoma zinajifuta. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza niliruka kitini, nikadhani nimewashika. Hapana. Sharti halitazami kifaa. Linatazama nakala iliyokwisha kusomwa na kuwekwa pembeni. Kuipima nakala mara mbili hakumsumbui mtu. Nilirudi kukaa.

Si kwamba hawana lawama. Zile namba mbili, ya kulala na ya kukomea, zimekaa bega kwa bega, zote kwa mikrosekunde. Ukizibadilisha nafasi kwa bahati mbaya, hakuna kitakachopiga kelele. Utakuwa umemwambia alale mikrosekunde 10,000 akingoja jambo la mikrosekunde 10. Kuna pia hoja ya sita, ya kweli au si kweli, inayoamua kama alale kwanza kabla ya kusoma mara ya kwanza. Ukiipitia draiva ya mtu ukakuta neno "true" limekaa peke yake katikati ya namba, huna namna ya kujua ni kweli ya nini mpaka ufungue faili lingine. Kwa ladha yangu hilo ni deni ambalo wasomaji wataendelea kulilipa. Lakini waliokwisha kulitumia umbo hilo ni wengi mno, na kulibadilisha ni kugusa draiva za watu mamia.

Hapo ndipo uhakiki wa kitu cha wote unapotofautiana na uhakiki wa kitu cha mmoja. Draiva ikiwa na kosa, inaumia kamera ya aina moja. Msaidizi akiwa na kosa, wanaumia wote waliomwegemea, na wengine hawajazaliwa bado. Kwa hiyo kiraka, yaani badiliko la msimbo linaloletwa lipokewe, kinachogusa draiva moja hupita kwa maswali mawili matatu, na kiraka cha mistari mitano kinachogusa msaidizi huweza kurudishwa mara nne. Katika kerneli, mhakiki aliyeridhika huandika jina lake chini ya kiraka kwa maneno Reviewed-by, na maneno hayo yana maana iliyoandikwa: kwamba ameuchunguza msimbo kiufundi, kwamba matatizo aliyoyaona yamerudishwa kwa mwandishi na ameridhika na majibu, kwamba kwa maoni yake badiliko lina faida na halina tatizo linalojulikana la kulizuia. Maana hiyo hiyo inasema wazi kwamba hatoi dhamana kuwa litafanya kazi kila mahali. Ni kiapo cha kiasi, na nakipenda kwa kiasi chake. Kuna Acked-by pia, nyepesi kuliko hiyo, ya mwenye eneo kusema sina pingamizi.

Na kuna desturi moja ambayo wageni huiona ya ukali: msaidizi mpya hapokewi bila mtumiaji. Usije na fanksheni nzuri ukisema itawafaa watu baadaye. Ilete pamoja na draiva inayoihitaji leo, tuone inavyokaa mwilini. Nguo haijulikani kama inatosha mpaka ivaliwe.

Mfano wa nguo iliyovaliwa ni draiva ya xHCI, ile inayoongoza milango ya USB. Ina mahali inapongoja biti zifikie hali fulani baada ya kutoa amri, na hutumia ndugu wa msaidizi huyu. Ukisoma sharti lake utaona limeongezwa kipande kinachoonekana kama upuuzi: au iwe kilichosomwa ni U32_MAX, yaani biti zote 32 zimewaka kwa pamoja. Kwa nini mtu angoje hilo? Kwa sababu halingojewi, linaogopwa. Kadi ya PCI ikichomolewa, au ikifa, kuisoma hakuleti ukimya. Kunaleta moja tupu, kutoka biti ya kwanza hadi ya mwisho. Maiti wa PCI hujibu "ndiyo" kwa kila swali. Draiva inayongoja biti iwake itafurahi na kuendelea na kazi juu ya kifaa kisichokuwepo. Inayongoja izime itazunguka mpaka muda uishe bure. Kwa hiyo xHCI inatoka mara tu inapoziona moja tupu, kisha mstari unaofuata unarudisha kosa jingine kabisa, -ENODEV: kifaa hakipo. Hilo msaidizi mwenyewe hawezi kulijua, kwa kuwa kwa kifaa kingine moja tupu ni jibu halali. Mhakiki mzuri anajua mpaka: hili ni la msaidizi, hili ni la draiva, usimtwike wa wote mzigo wa mmoja.

Ndugu huyo niliyemtaja ana neno atomic mwishoni mwa jina lake, naye ni wa zile sehemu ambazo kulala ni haramu. Anangoja akiwa macho, akizungushazungusha prosesa kwa kuhesabu. Zamani naye alitazama saa ya kerneli kama mkubwa wake. Shida ni kwamba mashine inapoelekea kulala, saa ya kerneli husimamishwa mapema, na draiva nyingine zinakuwa bado zinazima vifaa vyao. Anayetazama saa iliyosimama hafikii mwisho wa muda wake abadani. Mwaka 2023 Geert Uytterhoeven alileta kiraka kinachomwondolea ndugu huyu saa kabisa. Badala ya kuuliza ni saa ngapi, anapunguza kwenye salio lake kila mikrosekunde aliyoizunguka. Na kwa kila mzunguko, hata usio na ucheleweshaji wowote, anapunguza nanosekunde moja.

Nanosekunde moja! Hakuna prosesa inayosoma rejista ya kifaa kwa nanosekunde moja; kusoma huko peke yake kwaweza kuchukua mamia. Namba hiyo si kipimo. Imewekwa ili salio lisikose kupungua, ili hata mtu akimpa ucheleweshaji wa sifuri, siku moja mzunguko ukome. Maelezo yaliyoandikwa juu ya makro yanakiri bila kuzunguka kwamba muda halisi utazidi ule uliohesabiwa, kidogo tu pale ucheleweshaji usipokuwa sifuri. Mbele ya chaguo mbili, saa sahihi inayoweza kusimama na hesabu ya kukadiria isiyosimama kamwe, walichukua ya pili na kuandika hivyo. Na usomaji wa mwisho, kabla ya kutoka? Bado upo, palepale.

Draiva yangu ya chumba cha baridi ilikuja kusafishwa. Mistari kumi na minne ya mzunguko wangu ikaondoka, ukabaki mwito mmoja wa readl_poll_timeout, ndugu mwingine wa msaidizi yule, wenye hoja tano. Nilimpelekea mwenzangu aupitie, mtu mzima kwangu katika kazi hii, mzito wa maneno. Nilitarajia ausifu mwito ule ulivyo nadhifu. Alirudisha swali moja: "Hii laki moja umeitoa wapi?"

Mikrosekunde 100,000 ndiyo niliyoiweka kuwa ukomo wa muda. Nilikuwa nimeinakili kutoka mzunguko wa zamani, na kwenye mzunguko wa zamani nilikuwa nimeibuni. Nikafungua kitabu cha chipu, nikapekua hadi jedwali la nyakati. Safu ya muda wa kawaida ilikuwa na namba, milisekunde 12. Safu ya muda wa juu kabisa ilikuwa na kistari tu. Nikamwandikia kwamba mtengenezaji hakutaja ukomo, nami nimechukua takriban mara nane ya muda wa kawaida kwa tahadhari.

Akajibu: "Basi yaandike hayo hapo juu ya mstari, shehe, kisha uniletee tena."